Nilipeleka Mate

Nilipeleka mate. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu mtu mwenye kikohozi hana nafasi ya kuzungushwa. Niliambiwa nilete mate, nikaleta mate, yakapimwa, nikaambiwa sina kitu. Kwa zaidi ya miezi mitatu nikaendelea kulala kitanda kimoja na mwanangu Rukia, mtoto wa miaka miwili, nikimkoholea utosini. Kama una haraka, ishia hapa, uende ukaulize hospitalini wanataka ulete nini hasa. Kama unayo nafasi, kaa nikusimulie, maana hasira hii nimekaa nayo miaka mingi na sikusudii kuzikwa nayo.

Mimi ni mzaliwa wa Pemba. Niliolewa Tanga, tukapanga nyumba Mabawa, nami nikafundisha Kiswahili shule ya msingi, darasa la tano hadi la saba. Miaka yenyewe ni ile watu walioiita ya ruksa. Kabla yake tulipanga foleni ya sabuni na tukafulia majani ya mpapai, na mwalimu mkuu alikuwa akiikata chaki moja vipande vitatu ili kila mtu apate. Kisha mambo yakafunguliwa na maduka yakajaa ghafla. Mume wangu Bakari, aliyekuwa karani bandarini, akaacha kazi akaingia kwenye biashara ya Mombasa. Kila wiki alivuka Horohoro, akarudi na vitenge, sabuni za kunukia na redio. Mwaka ule Tanga ulipata chochote ulichokitaka, ila kitu kimoja ambacho nitakitaja baadaye.

Kikohozi kilinianza vuli ikiisha. Walimu wenzangu wakasema ni vumbi la chaki, nami nikakubali kwa kuwa lilikuwa jibu jepesi. Baada ya wiki chache sketi zangu zikawa zinanizunguka kiunoni, zipu ya nyuma inakuja mbele nikiwa natembea. Nikiamka asubuhi shuka limelowa chapachapa. Majirani walinisifu kwamba nimepungua nimependeza. Siku moja nikiwa naandika ubaoni, pete ya ndoa ikaniponyoka kidoleni, ikabiringika chini ya madawati. Mwanafunzi mmoja wa kike akaiokota, akanipa huku akitazama sakafu. Yule hakuniona nimependeza. Ndipo nilipoogopa nikaenda hospitali.

Jina la hospitali silitaji. Si kwamba naogopa, ila mambo haya hayakuwa ya hospitali moja, na sitaki wa nyingine wasome wakidhani wamesalimika.

Kabla sijafika huko lazima niseme jambo moja la malezi yetu. Mwanamke aliyelelewa vizuri hatemi mbele ya watu, na akiweza hatemi kabisa. Likimjia kohozi anageuza uso, anaziba mdomo kwa upindo wa kanga, anameza. Mama yangu alinifundisha hivyo kama alivyonifundisha kukaa na kukunja miguu vizuri mkekani. Kwa hiyo tangu vuli nilikuwa nakohoa na kumeza, nakohoa na kumeza, na sikuwa nimewahi kuona kilichokuwa kinatoka ndani yangu.

Muuguzi aliyenipokea nilikuwa namfahamu. Dada Mwanahawa tulikaa naye mtaa mmoja, na mwanawe alikuwa darasani kwangu. Tulikaa benchi tangu saa moja asubuhi, watu kama thelathini, kila mmoja akikohoa kwa zamu yake, na dirisha moja limepigwa misumari lisifunguke kwa sababu ya wezi. Zamu yangu ilipofika, Mwanahawa akanisogelea sikioni, akashusha sauti kama mtu anayetoa habari za msiba, akaniambia, "Mwalimu, kesho kabla ya chai utuletee mate kidogo." Chombo, akasema, nijitafutie mwenyewe, kwani vya hospitali vimekwisha.

Asubuhi yake nilichukua kichupa cha mafuta ya kujipaka, nikakichemsha. Nikapiga mswaki vizuri. Nikasukutua mara tatu. Halafu nikatafuna karafuu mbili, kwa kuwa sisi watu wa Pemba tukiwa na jambo la heshima hatuendi na mdomo mtupu. Kisha ndipo nikatema. Yalikuwa mate masafi, meupe, yananukia. Nikakifunga kichupa, nikakizungushia leso, nikampelekea Mwanahawa nikiwa nimeridhika na nafsi yangu kwamba sikumpa mtu uchafu.

Cheka, nimekuruhusu. Mwaka uleule nilikuwa nafundisha darasa la sita somo la tafsida. Niliwaambia watoto kwamba mtu mwenye adabu hasemi kunya, husema kwenda haja. Hasemi fulani ana mimba, husema ni mjamzito. Na kwamba lugha ya adabu ni nguo ya maneno. Mtoto aliyekosea nilimsimamisha. Basi Mwanahawa naye alifuzu somo langu. Alitaka kusema makohozi, akaona hawezi kumtamkia mwalimu wa mwanawe neno kama lile mbele ya watu thelathini, akalivika nguo likawa mate. Nami mwalimu wa Kiswahili, ninayejua kwamba mate na makohozi ni vitu viwili, sikuuliza. Nilielewa neno kama lilivyovaa.

Jibu lilitoka baada ya siku tatu. "Hamna kitu, Mwalimu," akasema Mwanahawa akitabasamu, "ni kifua tu." Kwenye cheti changu wakaandika kwamba nimepimwa kifua kikuu na sina. Kumbuka cheti hicho. Nilipewa dawa ya maji ya kikohozi na sindano za siku saba, nikarudi nyumbani, nikamkumbatia Rukia kwa furaha.

Kaskazi yote nilizidi kukonda na cheti changu cha uzima mkononi. Watu wakaanza kutafuta jibu lao wenyewe. Ilikuwa miaka ambayo mtu akikonda tu husemwa amekanyaga miwaya, yaani ana ukimwi, na mtu akisemwa hivyo amekwisha. Wifi yangu Mwanaidi, dada yake Bakari, alikuwa akija kila Ijumaa. Nikaona ameanza kuja na kikombe chake mwenyewe kwenye mkoba. Baadaye nikasikia kwa jirani kwamba amemwambia kaka yake ajitazame, mke wa mtu anayesafiri hubaki na nani huko nyuma. Bakari hakuniuliza kitu. Alihamisha mto wake, akalala sebuleni juu ya marobota ya vitenge, akasema ni joto. Mimi na Rukia tukabaki na kitanda.

Sikumlaumu wakati ule. Nilijiona kweli mimi ni kitu cha kukimbiwa, ila sijui kwa nini. Hilo ndilo linaloudhi katika ugonjwa usio na jina: unajitetea kwa kesi ambayo hujasomewa.

Ramadhani ikaingia na masika. Nilifunga. Mtu angesema mgonjwa ana ruhusa, lakini nani ale mchana na cheti kinasema mzima? Wifi angepata la kusema zaidi. Na katika kufunga huko ndipo nilipojua ukweli. Kwenye chuo cha Kurani tulifundishwa kwamba kohozi likishafika mdomoni kisha ukalimeza kwa makusudi, saumu imeharibika. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu kikohozi kinianze, nikawa natema. Siku ya pili ya mfungo, mvua ikimwagika, nilikwenda nyuma ya nyumba nikatema kwenye majivu ya jikoni. Nikatazama. Lilikuwa zito, la manjano iliyochacha, na ndani yake damu mbichi kama uzi.

Nilichuchumaa pale na mvua inaninyeshea. Nikawaza kichupa changu cha karafuu. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Mimi sikuwapelekea hiki."

Kesho yake nilirudi hospitali, na safari hii nilipita benchi na dada Mwanahawa wote, nikaenda moja kwa moja mlango wa maabara. Humo nikamkuta Bwana Mhina, Mbondei wa Muheza, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nani kakwambia mate? Mate ya kufanyia nini, twabandika stempu hapa? Mie nataka makohozi. Vuta toka chini, toka kwenye kitovu, ulete lile lililokuuma."

Nilimpenda mtu yule saa ileile. Katika miezi yote ndiye wa kwanza kunitamkia neno lenyewe.

Lakini akaniambia la pili. Hadubini haifanyi kazi. Wengi pale hospitalini walikuwa wakiiita darubini, nami kwa ugonjwa wangu wote nikamsahihisha msaidizi wake kwamba darubini ni ya kuonea vya mbali. Ilikuwa pale mezani, kubwa, ya kisasa, imeletwa kama msaada kutoka nchi za nje, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya mtu. Ilitumia umeme na balbu ndogo kuliko kidole gumba. Balbu ilikuwa imeungua. Barua ya kuomba balbu ilikwenda juu tangu kabla ya mfungo, na juu hawajajibu.

Hicho ndicho kitu nilichosema kilikosekana Tanga. Mjini palikuwa na mashati ya hariri. Palikuwa na miwani ya jua, kaseti za taarabu, biskuti za bati lenye picha ya malkia. Na watu thelathini kwa siku walikuwa wanarudishwa na makohozi yao kwa sababu ya kitaa cha kuangazia kigae cha kioo cha kupimia.

Nikamuuliza Bwana Mhina kabla ya mashine hiyo walikuwa wanatumia nini. Akacheka kwa pua. Walikuwa na hadubini ya kioo, akasema, ndogo, ya zamani, ambayo haitaki umeme wala balbu. Ina kioo chini yake. Unaiweka dirishani, kioo kinachukua mwanga wa jua na kuupandisha juu, unaona. Ilifanya kazi miaka na miaka. Siku hadubini mpya ilipokuja, wakubwa walipiga nayo picha, na ile ya kioo ikaandikwa kuwa ni chakavu, ikafungiwa stoo. Ameomba mara mbili arudishiwe. Ameambiwa kitu kilichokwisha kuandikwa chakavu hakiwezi kutumika mpaka kamati ikae, na kamati haijakaa.

Sasa fikiri na mimi. Kinachohitajika ni kioo na jua. Tanga. Jua tumekosa lini?

Bwana Mhina akaifungua ile balbu iliyoungua, akaiweka kwenye kiberiti kitupu pamoja na pamba, akanipa. Alikuwa amesikia mume wangu ni msafiri. Mombasa, akasema, kuna maduka ya vifaa hivi; aonyeshe tu, watamjua. Nilimpa Bakari kiberiti kile kwa mikono miwili. Nikamwambia balbu hii ndiyo itakayosema ninaumwa nini. Akakitia mfuko wa shati.

Alirudi baada ya siku nne na marobota mawili. Balbu, akasema, hazipo Mombasa nzima. Nikamwamini.

Wiki ile Rukia akaanza homa. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Alishaanza kuimba nyimbo za darasa langu kwa kuzikosea. Homa ikamnyamazisha. Akawa anatapika, analia akiinuliwa, hataki mwanga. Siku ya tano nilimwita akageuza macho bila kugeuza shingo. Jicho moja likaenda upande wake. Nikambeba nikakimbia naye hospitali kwenye mvua, mimi niliyekuwa siwezi kupanda ngazi tatu bila kushika ukuta.

Daktari wa wodi ya watoto alikuwa kijana, mpole, mwenye macho yaliyochoka. Alimpapasa shingo, akaniuliza swali lililokuwa sahihi kabisa. Nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu? Kisha akanitazama mitulinga iliyonitokeza shingoni, akauliza, "Wewe mwenyewe, mama, umepimwa?"

Kabla sijafungua mdomo, muuguzi wake alikwisha kuchukua cheti changu kwenye mkoba wangu na kumfunulia. Nimepimwa, sina. Nilijaribu kueleza. Nilisema yale yalikuwa mate, nilipeleka mate na karafuu. Kikohozi kikanikata maneno, na mtu aliyechoka akimsikia mwanamke anazungumzia karafuu hudhani amechanganyikiwa. Akaandika malaria kali, akaanzisha dripu ya kwinini. Hata hivyo akaniambia kwamba kama mama angekuwa na jibu jingine, yeye asingengoja hata saa moja, angempa mtoto dawa za kifua kikuu pale pale.

Kwa hiyo usiniulize kwa nini bado nina hasira. Mate yangu yalikuwa yamesimama mlangoni mwa wodi na kumzuia mwanangu asipate dawa.

Kwinini ilikwenda siku mbili bila mabadiliko. Siku ya tatu asubuhi nilimwacha Rukia na baba yake, nikaenda maabara na makohozi yangu, yale yaliyoniuma, kwenye kopo. Nikaliweka mezani juu ya kile kitambaa cha kufuma. Nilimweleza Bwana Mhina yote: shingo ya mtoto, cheti, kwinini. Nikamwambia sitoki humo ndani.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akatoka, akarudi na kipande cha nondo, tukafuatana mpaka stoo, akakiweka kwenye kufuli akalivunja kwa pigo moja. Humo, nyuma ya vitanda vilivyokatika, hadubini ya kioo ilikuwepo ndani ya sanduku lake la mbao. Kioo chake kilikuwa kimepasuka. Akatoa mfukoni kioo cha kujitazamia, vile vya sokoni vyenye ukingo wa plastiki nyekundu, akakikata kwa kisu cha kukatia vigae, akakibandika kwa plasta. Ndicho kifaa chenyewe. Kamati haikukaa.

Akapaka makohozi yangu kwenye kigae, akayakausha kwa moto, akayatia rangi zake. Akaiweka hadubini dirishani upande wa mashariki. Nje mawingu mazito. Akainama, akainuka. Nikamuuliza, hakionekani kitu?

"Mwanga waja waenda," akasema. "Cheti cha kubahatisha umeshapewa kimoja. Mie sitakupa cha pili. Tungoje jua."

Tukangoja. Sijawahi kulisubiri jua vile maishani. Nilisimama dirishani nikitazama wingu moja la rangi ya sufuria lisilotaka kusogea, nikalitukana kwa Kipemba matusi ambayo sikujua kwamba nayajua. Tafsida yote ilinitoka. Bwana Mhina alijifanya hasikii. Ilipokaribia saa nne, wingu likapasuka pembeni, jua likaja sakafuni, likapanda mezani. Akainama haraka, akakisogeza kioo kwa ncha ya kidole, akatulia. Kisha akasogea pembeni akaniachia nafasi.

Nilitazama. Palikuwa na duara la buluu, na ndani yake vijiti vyekundu vimetawanyika, vingine vimelaliana. Vilifanana na alama za wino mwekundu ninazozipiga kwenye madaftari pale mtoto anapokosea. Vilikuwa vingi, nami nilivijua kuwa ni vyangu.

Aliandika alama tatu za kujumlisha, ambazo ndizo nyingi kuliko zote. Hakunipa mimi karatasi. Aliipeleka mwenyewe wodini, anakimbia, na koti lake jeupe likiwa na kutu ya stoo. Rukia alichomwa sindano ya kwanza mchana uleule. Mimi nilichomwa yangu siku iliyofuata.

Sindano zangu zilikuwa sitini, moja kila siku, makalio ya kulia na kushoto kwa zamu. Nilizihesabu kuliko siku za mwezi. Ya kumi, nikaweza kumaliza bakuli la uji. Mkojo wangu ukawa mwekundu kwa vidonge, nikapiga kelele mara ya kwanza, na mwanamke mmoja wa Pangani aliyekuwa mgonjwa kama mimi akanicheka akaniambia hiyo ndiyo dalili dawa haikuibwa. Ya ishirini na tano jasho likakoma. Kipupwe kilikuwa kimeingia, nikalala kwenye shuka kavu nikadhani nimekosea kitanda. Ya arobaini pete ikarudi kidoleni.

Ilikuwa kwenye benchi la sindano, sijui ya thelathini na ngapi, ndipo Bakari aliponiambia. Alikuwa amempakata Rukia, ambaye alikwisha kufungua macho lakini bado legelege kama nguo. Akasema, akitazama ukutani, "Ile balbu sikuiuliza." Mombasa alifuatana na wenzake watatu wa Mabawa. Kila alipotaka kuingia duka la vifaa vya hospitali, aliona watamuuliza ni ya nini, ni ya nani, na wakirudi Tanga mtaa mzima utajua. Aliona haya. Kiberiti kilikwenda Mombasa na kurudi mfukoni mwake.

Sikumjibu kwa siku nne. Siku ya tano nilimjibu, na majibu yangu siyaandiki. Lakini nitasema pia kwamba mtu yule alimbeba mwanawe kwenda sindano kila siku bila kukosa, akaacha safari zote mpaka marobota yakaliwa na panya, akajifunza kusonga ugali wa mgonjwa. Nimemsamehe nusu. Nusu ile nyingine si yangu kuisamehe.

Wifi Mwanaidi naye alikuja aliposikia ni kifua kikuu na si miwaya. Alikuja na wali wa nazi na samaki wa kupaka, hana kikombe mkobani, akasema walijua tu kwamba wifi yao hana tabia mbaya. Nikamuuliza, na kama ningekuwa na ule mwingine, hiki chakula kingebaki kwako? Akasema ninapenda ugomvi. Napenda, ndiyo. Katika wodi za hospitali ile walikuwemo wenye ule mwingine, na hakuna aliyewaletea hata maji.

Dada Mwanahawa alikuja akalia. Akaniuliza, "Ningelitamkaje kwako neno lile, Mwalimu?" Nilitaka kumkemea nikashindwa, kwa sababu ningelikasirika kweli kama angelitamka, na alinijua. Tangu siku ile yeye na Bwana Mhina walisimama mbele ya benchi kila asubuhi, na Mwanahawa akaonyesha mbele ya watu wote, kwa kifua chake, jinsi ya kukivuta kile kitu kutoka chini. Wazee wa kike walifunika nyuso. Bwana Mhina aliandikiwa barua ya onyo kwa kuvunja kufuli. Hadubini ya kioo ikabaki dirishani, ikapima watu mpaka balbu ilipokuja, na hata baada ya hapo, maana balbu nayo iliungua tena.

Wewe uliye kwenye benchi leo, nasikia mashine siku hizi ni nyingine na hazingoji jua. Vizuri. Lakini hakuna mashine itakayoona kile ulichomeza. Toa kilichomo, uwape. Wakikwambia neno la adabu, waulize maana yake, hata kama benchi zima linasikia.

Rukia alipona. Alianza kukaa, kisha kushika ukuta, kisha kutembea kwa kuyumba. Hakurudi kuimba. Tulisema ni udhaifu. Mwishoni mwa dawa zangu, mwezi wa nane wa kuzimeza, nilikuwa jikoni naye kanipa mgongo anachezea mawe ya mchele. Mfuniko wa sufuria kubwa ukaniponyoka, ukaanguka sakafuni nyuma yake. Kuku wa jirani waliruka. Rukia hakushtuka. Nilimwita kwa jina, nikamwita tena karibu na shingo yake. Akaendelea kupanga mawe yake. Daktari mmoja alisema ni ugonjwa uliokaa kichwani siku nyingi kabla ya dawa. Mwingine akasema huenda ni sindano zenyewe. Nimeacha kuwauliza.

Sasa Rukia ni mama wa watoto wawili, na ameniita kwake mara nyingi kuliko watoto wanaosikia wanavyowaita mama zao. Lugha ya mikono nilijifunza ukubwani, naiongea vibaya, yeye na wanawe wananicheka. Mwaka jana aliniketisha akaniuliza ilikuwaje, yote, asifichwe. Nikamweleza kwa mikono yangu mizito: kikohozi, kichupa, karafuu, cheti. Alifuata mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa nini mimi mwalimu sikuuliza nilete nini.

Nilitaka kumjibu kwamba niliona haya. Sikuijua ishara yake. Nikafanya nilivyoweza, nikajifunika uso kwa viganja vyote viwili.

Alidhani nalia. Akainuka, akaja akaniondoa mikono usoni taratibu, akanifuta mashavu kwa upindo wa kanga yake. Yalikuwa makavu. Nilimwacha afute.